Mwaka Nilioweka Mawe Chini ya Gari la Mama

Breki ya mkono ya gari la mama ilikuwa na mlio mrefu kuliko ya magari ya watu wengine. Ukiivuta ilikwaruza meno kumi, kumi na moja, hadi ikasimama wima kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu. Mama hakuivuta mara nyingi. Alikuwa muuguzi mjini Isiolo, nasi tulikaa Kiwanjani, ambako ardhi ni tambarare hata maji ya mvua hayajui yaelekee wapi. Gari lenyewe lilikuwa dogo, la otomatiki, lenye vumbi hata kwenye mshono wa viti, na mtaa mzima uliamini kwamba gari la otomatiki ukishaliweka kwenye P, gia ya kuegeshea, umemaliza kazi. Breki ya mkono ilikuwa ya wenye pikapu za miraa, wanaokanyaga klachi. Mama aliamini hivyo kwa sababu kila mtu aliamini hivyo.

Shida ilikuwa kwa nyanya. Nyanya alikaa juu, upande wa Meru, na njia ya kuingia bomani kwake ilikuwa mteremko mkali. Huko mama alivuta breki, akaweka P, kisha akaamini kitu cha tatu kuliko hivyo viwili, nacho ni jiwe. Kuweka jiwe nyuma ya gurudumu ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka tisa, na sijawahi kupewa cheo kingine nilichokipenda hivyo. Gari likisimama tu niliruka nje, nikatafuta jiwe langu kando ya ua, nikalisukuma kwa miguu hadi likaumana na tairi, kisha nikampungia mama mkono kwamba sasa anaweza kushuka.

Jumamosi moja ya Agosti, kukiwa na baridi na manyunyu, tulifika tukakuta nyanya amelichukua jiwe langu kufunikia pipa la maji. Nilichukua jingine, dogo kidogo. Mama alikuwa na haraka ya kushusha unga usilowe, akaacha injini ikinguruma na mdogo wangu Kendi amelala kiti cha nyuma. Tulikuwa mlangoni tuliposikia kokoto zikisagika. Gari lilipanda juu ya jiwe langu, likalivuka, likaanza kurudi nyuma taratibu, bila mtu kwenye usukani. Mama aliangusha unga akakimbia, lakini hakulifikia. Liliacha njia, likaingia kwenye majani ya ng'ombe na kuegemea nguzo ya ua. Hatua chache zaidi kulikuwa na korongo. Kendi aliamka akauliza kama tumefika.

Mama alimkumbatia Kendi, akamkagua kichwa, mikono na miguu, ndipo akanigeukia mimi. "Makena, nilikwambia uweke jiwe kubwa." Hakupaza sauti. Nyanya akatikisa kichwa, na habari ikawa hiyo: mtoto aliweka jiwe dogo. Ilisimuliwa hivyo kwa shangazi, kwa majirani, na kwa wauguzi wenzake mama. Niliiamini kuliko wote. Tuliporudi Kiwanjani nilianza kuzungushia gari mawe manne kila jioni, moja kila gurudumu, kwenye ardhi ambayo hata mpira hauwezi kubingirika. Watoto wa ploti tuliyopanga walinicheka sana. Usiku nililala nikiwa nimeshika gauni la Kendi.

Wiki mbili baadaye mama alilipeleka gari kwa Guyo, fundi mmoja Mborana aliyefanya kazi chini ya turubai. Guyo alizuia magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki, akafungua magurudumu. Vumbi lililotoka ndani ya breki lingejaza kikombe. Alisafisha, akasogeza vipande vya breki vinavyobana kwa ndani hadi gurudumu likazunguka kwa kukwaruza kidogo tu, na baada ya hapo ndipo alipokaza nati ya waya iliyo chini ya mkono wa breki. Alisema wanaoanza na nati wanajidanganya. Aliponiita nivute, nilihesabu meno saba, na breki ikashika.

"Sasa sikia, mama," alisema. "Ukisimama kwa mlima, mguu kwa breki, weka N, gia huru, vuta handbreki, achilia mguu pole pole gari ikalie hiyo breki. Halafu kanyaga tena, sukuma P mpaka iingie kabisa. Hiyo P ndani iko na kachuma kadogo tu ka kuzuia gia. Usiibebeshe gari yote."

"Ilikuwa ni jiwe," mama alisema. "Huyu aliweka dogo."

"Jiwe ni ya kusaidia tu," alisema Guyo, akaendelea kufunga gurudumu.

Sikuthubutu kumtazama mama.

Mwaka jana nilimpeleka mama kuona kaburi la nyanya. Nilisimama kwenye mteremko ule ule, nikabonyeza kitufe, breki ikajifunga yenyewe. Mama alikitazama kile kitufe, akasema, "Guyo alikuwa ameniambia. Mwezi mzima kabla gari halijarudi nyuma. Aliniambia breki imelegea niilete, nikasema nitaileta. Na siku ile sikuisukuma gia hadi ikaingia P." Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alisema angejisemea vipi kwamba ni yeye aliyekaribia kumuua mtoto wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami nilikuwa mtoto, nilionekana naweza kuubeba. Nilikasirika, na sioni haya kulisema. Nilikasirika hadi tukamaliza kung'oa magugu kaburini, ndipo nikampa mkono ashuke mteremko.

Gari langu la sasa lina taa nyekundu. Breki ikiwa na kasoro inawaka, na kila aliyemo ndani anajua kwamba dereva amejua. Gari la mama halikuwa na taa ya namna hiyo. Lilikuwa na mimi, wa kubeba lawama.