Ng'ombe wa Shosho Ameingia Kwenye Tableti

"Ng'ombe tumemkubali."

Hayo ni maneno ya mwalimu wa Gredi ya Nne, mchana huu, katika shule moja hapa Ruiri. Mimi nilikuwa nimeenda kuandika habari za tableti mpya za walimu, wanazowekea picha za kazi za wanafunzi.

Jana mwalimu huyo alimrudisha mwanafunzi wake Mukami nyumbani. Kazi ilikuwa kuleta picha ya mnyama wa kufugwa, iliyochapwa saiba, kwenye duka la kompyuta. Bila picha, asirudi darasani.

Leo nyanya yake amemleta. Mkono mmoja ameshika mtoto, wa pili anavuta ng'ombe kwa kamba.

"Shosho, tulisema picha," mwalimu akamwambia mlangoni.

"Mnyama si huyu? Niache wangu nyumbani niende saiba kutafuta ng'ombe wa wenyewe?"

"Lakini mimi nahitaji kitu cha kuingiza kwa tableti."

"Na hiyo tableti haipigi picha? Ama umeshika sahani?"

Darasa lote likacheka. Mwalimu pia, baadaye kidogo.

"Mtoto hatoki tena," nyanya akasema. "Piga, ama tushinde hapa sote watatu."

Mwalimu akapiga picha. Ng'ombe aligeuza kichwa, ikabidi arudie. Mukami akaenda kuketi mahali pake.

Wazazi waliokuwa langoni waliona yote. Kazi ya Jumatatu ni picha ya mmea wa chakula, na wamesema saiba hawaendi. Nyinyi mngebeba nini?

Mama mmoja ameniuliza kama mgomba mzima utapita kwa ule mlango wa darasa.

Nimeuangalia vizuri. Utapita.