Besi ya Mzee Keith

Juzi, nikirudi kutoka zamu, niliona gitaa la besi kwenye dirisha la duka la mitumba mtaani Kings Heath. Nikakumbuka sebule ya Mzee Keith, jirani yetu Mwingereza, iliyonuka tumbaku na chai iliyopoa.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, alituwekea mimi na Mama santuri, akasema besi iliyomo aliipiga yeye. Nililichunguza jalada. Uso wake haukuwepo, wala jina.

Mama, aliyekuwa bado na sare ya unesi, alinishika mkono. "Twende," aliniambia kwa Kiswahili. "Sitaki ukae na mwongo."

Mzee Keith hakujua Kiswahili, lakini alielewa.

"Bendi ndiyo iliyopigwa picha," alisema. "Mimi nilimpigia besi yeyote aliyenikodi. Roki, jazi, hata kwaya."

Akazungusha kitufe cha stirio, akaiondoa besi yote. Wimbo ukabaki kama nyumba iliyohamwa. Nilidhani ameuharibu.

Mama aliuachia mkono wangu, akaketi bila kuvua koti.

"Irudishe, mzee," alimwambia kwa Kiingereza.

Aliirudisha. Mama akafumba macho. Nilidhani amelala, mpaka nilipouona mguu wake ukiifuata besi.