Sahani ya Kulwa

Wifi yangu Doto alikuwa anakula sahani mbili. Naanza na hilo kwa sababu Segese nzima walilijua, Segese nzima walilicheka, na mimi nililicheka kuliko wote. Tulikuwa na banda la chakula, yeye na mimi, njia ya kwenda kwenye makarasha ya kusagia mawe. Wachimbaji wakishakula na kuondoka, saa tisa hivi, ndipo na sisi tunakaa. Mimi Eufrasia napakua kidogo changu, maana nilikuwa mkavu tangu kuzaliwa. Doto anapakua mbili zinazolingana hadi kipande cha nyama. Ya kwanza anaila kwa mkono wa kulia. Akimaliza ananawa upya, anavuta ya pili, anaila kwa kushoto.

"Wifi, hilo tumbo lina stoo?" namuuliza.

"Nyamaza, we kijiti. Hii si yangu," anajibu, anacheka mpaka benchi linalia.

Kweli haikuwa yake. Doto alizaliwa Samuye, pacha, na aliyemtangulia ni Kulwa, kama mapacha wa Kisukuma wanavyoitwa. Kwao pacha hapewi kitu peke yake. Ukimpa mmoja kipande cha muwa, na mwenzake unampa, tena kinacholingana, wanasema la sivyo mmoja ataugua. Kulwa alikuwa wa mashoto, na mama yao alimwacha ale hivyo hivyo. Walipofika miaka saba, surua ikaingia kijijini ikamchukua Kulwa ndani ya wiki moja. Doto akagoma kula. Siku ya tatu mama yao, bibi Mariana, akapakua sahani mbili akaziweka mbele yake. Akamwambia, "Kula yako, halafu ule na ya mwenzio. Usipoila, atashinda njaa."

Doto akala. Sasa ana miaka arobaini na moja, na mpaka mwaka jana alikuwa hajamlaza mwenzake na njaa hata siku moja. Siku ya harusi yake na marehemu kaka yangu Sostenes alikula sahani mbili. Alipomzaa Blessing, hajanyanyuka vizuri kitandani, aliomba bakuli mbili za uji. Niliposimuliwa hayo nilisema ni huzuni ya mtoto iliyozeeka ndani ya mtu mzima, basi. Mimi ni Mkatoliki, naimba kwaya, sina muda wa mizimu.

Mwaka jana mwezi wa tatu Doto akapata ngiri ya kitovu. Ilitokeza kama limao, ikafika saizi ya embe. Tukaenda hospitali, daktari akambonyeza, akampandisha kwenye mzani: kilo mia na kumi na nane. Akasema upasuaji ni lazima, kwa sababu siku utumbo ukinasa humo ndani utaoza, na hapo tutakuwa tunaongea habari za maziko. Lakini kwa uzito ule hathubutu kumpa dawa ya usingizi. Apunguze kilo kumi na tano. Tarehe ya upasuaji akaiandika, mwezi wa nane katikati.

Nje ya chumba Doto alikaa chini sakafuni akalia. "Blessing ana miaka tisa, wifi. Nimwache na nani?"

"Humwachi na mtu. Utapungua, hata kama nitakufunga mdomo kwa kamba ya mbuzi," nikamwambia. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu nafoka.

Nesi mmoja anaitwa Ritha ndiye alitufundisha. Mdogo tu wa umri, lakini mkali. Alituambia watu wengi wanashindwa kwa sababu wanajinyima, wanashinda na kikombe cha chai, jioni wanavamia sufuria. "Tumbo halijui kuhesabu kalori, mama. Linajua limejaa au halijajaa. Wewe lijaze, ila lijaze kwa vitu visivyonenepesha." Akachora sahani kwenye karatasi. Nusu nzima mboga za majani. Robo maharage, kunde au samaki wa kuchoma. Robo iliyobaki ugali, usiozidi ngumi yake. Kabla ya kula anywe bilauri mbili za maji na bakuli la mchuzi mwepesi wa mboga. Mafuta kijiko kimoja kwa sufuria nzima. Soda kwaheri. Atafune taratibu, maana tumbo linachelewa kujua kwamba limeshiba.

Halafu Ritha akasema, "Na sahani ni moja, mama."

Doto akanitazama.

Nilimpikia mwenyewe. Nsansa zangu, yale majani ya kunde nilizozianika tangu kiangazi, niliziloweka nikazichemsha na nyanya, nikampakulia rundo. Mlenda, matembele, mchicha, tango la kutafuna na maganda yake. Choroko nzito bila mafuta. Asubuhi badala ya chapati tatu, alikula kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha na yai. Wiki ya kwanza alininunia. Ya pili akazoea, na ilikuwa kweli kama Ritha alivyosema, chakula kilikuwa kingi mpaka anashindwa kumaliza. Mwezi wa tano mzani ulisoma mia na kumi na moja, tukapiga vigelegele pale pale hospitali kama watu wa harusi.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Wifi, mimi nashiba. Tumbo limejaa, nalisikia. Lakini kuna njaa."

"Njaa gani na umeshiba?"

"Haiko tumboni kwangu. Iko hapa." Akaonyesha ubavu wake wa kushoto, lakini mkono wake haukugusa ubavu. Ulisimama hewani, kama umemshika mtoto bega.

Nikamwambia aache upuuzi, tukaendelea na safari.

Mwezi wa sita ndipo mambo ya hotpoti yalipoanza. Ugali wa wateja huwa naukunja ukiwa wa moto sana, naufinyanga juu mpaka unang'aa, nafunika. Siku hiyo nafungua kumpakulia mteja wa kwanza, nakuta umemegwa. Tonge moja limetoka ubavuni, dogo, la mtoto. Alama za vidole zimebaki, vitatu, na ya dole gumba iko upande wa kulia. Niliweka mkono wangu juu yake kupima. Wa kulia haukukaa. Wa kushoto ukakaa, ila vidole vyangu vilikuwa vikubwa mara mbili.

Nikasema panya. Panya gani ana dole gumba? Kesho yake ikawa tena. Keshokutwa yake tena, tonge moja, pale pale. Nikaanza kumshuku Doto kwamba anaiba ugali, na nilimshambulia, Mungu anisamehe.

"Unajiua kwa tonge! Mimi nahangaika na majani kutwa, wewe unamega kwa siri! Unataka Blessing alelewe na nani?"

"Si mimi, wifi."

"Nani basi? Mimi?"

Alifungua kiganja chake cha kushoto akanionyesha, hakina hata chembe ya ugali. Alikuwa analia bila sauti, na hilo liliniuma, kwa sababu Doto ni mtu wa kelele hata katika kilio.

Nikaamua kumkamata mwizi. Siku hiyo nilimtuma Doto sokoni, nikapika ugali peke yangu, nikaufunika, nikaufunga kwa kanga mafundo mawili, nikakaa juu ya kigoda hotpoti ikiwa katikati ya miguu yangu. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua linawaka, makarasha yanaunguruma, watu wanapita wananisalimia. Sikunyanyuka. Wachimbaji walipokuja nilifungua mafundo kwa mkono wangu, yakiwa vile vile nilivyoyafunga. Mvuke ukanipiga usoni. Ule ugali ulikuwa wa kuunguza, hakuna mtu ambaye angeuingizia vidole. Na tonge lilikuwa limemegwa.

Nilipakua tu. Ningefanyaje? Nilizungusha mwiko nikaharibu zile alama, mteja asizione, nikawapa watu chakula. Toka siku hiyo sikumshuku tena Doto, na nilitamani ningeweza kumshuku.

Mwezi wa saba akasoma mia na tano. Zilibaki kilo mbili. Lakini mtu mwenyewe alikuwa hana raha. Alikuwa anageuka geuka kushoto anapokula, anasogeza sahani, anaifunika kwa mkono. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba ana ule ugonjwa, maana kwetu huku mtu mnene akipungua hakuna anayemuuliza amefanyaje. Ngiri nayo ikaanza kumkaba. Mara mbili alitapika, na lile embe likawa gumu, jekundu, tukamlaza chali mpaka likarudi ndani. Daktari akasema bahati hiyo asiitegemee mara ya tatu.

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya upasuaji, saa tisa alasiri, natoka nyuma kuosha masufuria, nakuta Doto amekaa na sahani mbili. Ya kwanza ya majani, ya Ritha, ameimaliza. Ya pili ni mlima wa ugali, nyama ya kukaanga, mafuta yanaelea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshafika.

"Wifi, usinizuie," akasema. "Ananitazama mkono. Tangu mwezi wa tatu ananitazama mkono. Ni mtoto, wifi, ana miaka saba, hajui ngiri ni nini. Anajua tu kwamba nakula peke yangu."

"Ukila hiyo utakufa."

"Nisipoila yeye atakufa tena."

Hapo ndipo hasira ilinipanda. Si hasira kwa Doto. Niliwakasirikia wote, bibi Mariana na sahani zake, surua, na huyo mtoto aliyekaa pale nisimwone anammaliza pacha wake kwa sababu hakuna aliyemwambia inatosha. Niliinyakua ile sahani. Nikakaa kwenye kigoda changu, nikavuta kingine kitupu nikakiweka kushoto kwangu, nikakiambia kwa sauti, mchana kweupe, mlango uko wazi:

"We Kulwa! Huyu mwache apone. Njoo huku. Karibu chakula. Karibu kwangu, tule."

Nikanawa, nikala kwa mkono wa kushoto. Matonge yalinidondoka kifuani, mashoto sijayazoea. Nilikula mpaka nikafuta sahani.

Doto alikuwa ameduwaa. "Wifi, umemwambia karibu?"

"Nimemwambia."

"Na umesema kwako."

"Nimesema. Sasa je?"

Kwetu ukimwambia mtu karibu chakula, umemkaribisha. Huwezi kumgeukia baadaye ukamwambia ulikuwa unatania. Nililijua hilo, na pale nilikuwa sijalifikiria kabisa. Doto aligeuza shingo kushoto kwake, polepole, akapapasa hewa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kisha akashusha pumzi ndefu sana. "Ameondoka," akasema, na akaanza kulia, safari hii kwa kelele zake zote.

Tonge la hotpoti halikumegwa tena. Tarehe ilipofika mzani ulisoma mia na mbili na nusu, akapasuliwa, akashonwa, siku ya nne akawa anagombana na manesi kwamba chai yao maji matupu. Leo ana kilo tisini na nne. Anakula sahani yake moja, nusu majani, anafuta mdomo anasema nimeshiba kama mtu mwingine yeyote. Blessing ana mama.

Mimi zamani nilikuwa na kilo hamsini na moja. Juzi Ritha alinipandisha kwenye mzani, akatazama, akanishusha, akanipandisha tena. Sabini na tatu. Akanichorea ile karatasi ya sahani, eti nusu majani, robo maharage. Nikamwambia naijua, mwanangu, naifuata. Na naifuata kweli. Mchuzi nakunywa, nsansa nakula rundo, tumbo langu linajaa mpaka nalegeza kanga. Njaa haiko humo. Iko kushoto kwangu, kimo cha bega la mtoto.

Kwa hiyo saa tisa wateja wakiondoka, Doto ananipakulia mbili. Hanitanii. Hajaniita kijiti siku nyingi, na nadhani hataniita tena. Anakaa mkabala na mimi na sahani yake moja, anautazama mkono wangu wa kushoto kila tonge mpaka mwisho. Nikimaliza ananisogezea maji ya kunawa, na kila siku ananiuliza swali lile lile, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia nyumbani kwao.

"Ameshiba?"

Miaka thelathini na tatu walikula pamoja, sasa hamsikii hata kidogo. Najua anavyomkumbuka, namwona usoni.

"Ameshiba, wifi," namwambia. "Amekusalimia."

Namdanganya. Hajawahi kushiba.