Binti wa Shangazi wa Kasulu

Mpaka leo nikisikia harufu ya mawese yanayochemka, sabuni hunijia akilini kwanza, njaa huja baadaye. Wenzangu wa Ujiji wananishangaa, maana kwao harufu ile ni mchuzi wa migebuka, samaki wa ziwani, na jiko la mama. Kwangu mimi ni ghala bovu la Rusimbi, kuta zimepigwa moshi, pipa limekaa juu ya mafiga, na vijana wakubwa wa mtaa wanakoroga sabuni kwa mti mrefu huku magadi yakiwachoma macho. Hilo ndilo lilikuwa darasa la vijana waliokosa shule. Wazazi walichanga mawese, sabuni ikauzwa soko la Mwanga, ikanunua chaki. Dada yangu Asha alikuwa mmoja wao. Aliachishwa shule ili anilee mimi, basi hata alipokwenda kusoma alinibeba mgongoni, nami nikakua nikipiga chafya za moshi ule.

Mwalimu alikuwa Dada Goreti, msichana mwembamba, mpole, asiyecheka ovyo. Sabuni ikishamiminwa kwenye mbao, kabla haijakauka, alimpa kila mmoja njiti aandike juu yake: kwanza jina, baadaye neno, baadaye sentensi nzima. Aliyekosea alisawazisha kwa kibao akaanza upya. Wanawake wa Mwanga wakawa wanafua kwa sabuni zilizoandikwa "ngombe" na "leo mvua". Siku moja Asha, aliyekuwa amesahau hata herufi A, alileta nyumbani kipande chenye jina la mama: ZAINABU. Mama hakukifulia. Alikiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na kila aliyeingia, hata muuza maandazi, alionyeshwa.

Dada Goreti alikuwa mkimbizi. Miaka ile watu walikuwa wakivuka ziwa na mpaka makundi kwa makundi, wakipelekwa makambini, na aliyekutwa nje bila kibali alirudishwa kwa lori. Yeye alitoroka kambi baada ya kumkuta kwenye foleni ya maji mwanamume aliyekuwa miongoni mwa waliochoma nyumba yao, wazazi wake wakiwa ndani. Mwanamume yule naye alimtambua. Goreti alimweleza mama jambo hilo mara moja tu, mikono yake ikichambua dagaa, na mama akamwambia, "Basi, mwanangu. Kuanzia leo wewe ni binti wa shangazi yangu wa Kasulu." Kirundi chake na Kiha cha Kasulu ni ndugu, hivyo mgeni asingeweza kumtofautisha upesi. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini siri hii mtaa mzima uliijua na mtaa mzima ukanyamaza. Hata sisi watoto, tusiojua kufunga midomo, tukiulizwa tulijibu, "Wa Kasulu huyo," tukaendelea kucheza.

Tatizo lilikuwa mama yangu. Mama alikuwa mkweli mpaka kero. Alimwambia bibi harusi mbele ya wakwe kwamba wali wake haukuiva. Nimerithi ulimi wake, kwa hiyo najua: neno likimfika kooni lilikuwa lazima litoke, liwe na heri au shari.

Ikaja siku ya kuonyesha kazi za vijana, na mgeni rasmi akaalikwa. Dada Goreti aliomba abaki ndani siku hiyo. Wazazi wakakataa. Mwalimu asitunzwe? Aibu gani hiyo! Walikwishanunua kitenge cha bluu, wakamwita mbele kwa vigelegele, wakamfunga mabegani, naye akasimama ameinamisha kichwa kama mwari. Mgeni rasmi alinusa sabuni, akatania, watu wakacheka. Kisha akaanza hotuba. Akasema wizi umezidi, magonjwa yamezidi, misitu imekwisha, na yote yameletwa na wakimbizi. Anayewaficha, akasema, anafuga nyoka.

Nilimwona mama akivuta mtandio wake. Asha alimshika kanga, mama akaikwanyua.

"Samahani, mheshimiwa. Mwanangu alikuwa hajui kuandika hata jina lake. Leo anaandika la kwake na la kwangu. Aliyemfundisha ni huyu hapa, na huyu ni mkimbizi. Sasa niambie, kaiba nini?"

Kigelegele kimoja kilianza nyuma kikakatika. Mgeni rasmi alitabasamu. "Ahsante, mama, nimekusikia." Mama akaketi, uso wake unang'aa kwa ushujaa, akamgeukia Goreti ili wafurahi pamoja. Alipomwona alivyogeuka rangi, ndipo akaelewa. Loo! Ulimi hauna mfupa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Lori lilikuja kesho yake asubuhi. Dada Goreti hakulia. Alikunja kitenge akakiweka juu ya pipa, akamwambia Asha sabuni ya jana asiikate mpaka ikauke vizuri. Mama alining'inia ubavuni mwa lile lori, miguu peku, akipiga kelele, "Ni binti wa shangazi yangu! Jana nilidanganya! Wallahi nilidanganya!" Askari alimbandua vidole taratibu, bila ukali. "Bi mkubwa," akasema, "jana ulisema kweli mbele ya watu wote."

Mama alimfuata kambini na kitenge na mihogo ya kuchemsha. Akaambiwa Goreti alilala pale siku chache, kisha hakuonekana. Wengine walisema amerudi kwao, wengine walisema ameokotwa bondeni na kuzikwa. Hatukujua, na hatujui. Ghala likapigwa kufuli, Asha akaozwa kabla ya masika, na mama hakufungua tena mdomo mkutanoni. Nilimchukia kwa muda, nikamhurumia kwa muda mrefu zaidi.

Siku hizi mtaa una ukumbi wa bati jipya, umeme, na vyerehani badala ya mapipa. Juzi vijana walikuwa wakipewa vyeti, nikampeleka mama, sasa anatembelea mkongojo. Mgeni rasmi, kijana mdogo wa umri wa wanangu, alimsifu mwalimu wa ushonaji, kisha akamwuliza hivi hivi, kwa kicheko, "Binti, lafudhi yako si ya hapa. Kwenu wapi?" Msichana aliinama akajifanya anaokota pini. Wazazi wote wakaangalia sakafu. Nikasikia mkongojo ukigonga saruji.

"Mjukuu wangu huyo," mama alisema. "Wa Kasulu."

"Haya, bibi," mgeni akacheka, akaendelea kugawa vyeti.

Njiani nilimshika mama mkono. Nikamwuliza kama yule binti anamjua.

"Simjui, wala sitaki kumjua," akasema. "Nikimjua, nitasema."