Bakshishi ya Upawa

Miaka ya hamsini, kabla reli haijafika bondeni kwetu, Wazungu waliopewa likizo walikuwa wakija Ifakara kwa ajili ya mto tu. Walishuka kwenye magari wakiwa wekundu kwa vumbi la barabara ya Mkula, wakaenda hadi Kivukoni, wakapanda mitumbwi mikubwa kuelekea juu ya mto kutazama viboko, swala wa sheshe na ndege. Walilala kwenye mahema kando ya maji, kisha wakarudi. Sisi tulioishi kwa mto huo huo hatukuelewa mtu anapumzikaje kwa kuumwa na mbu, lakini tuliwapokea vizuri, kwa sababu mwisho wa safari kulikuwa na bakshishi.

Bakshishi ilikuwa na utaratibu wake. Mitumbwi ikishavutwa nchi kavu, wapiga makafi walijipanga ukingoni, kila mmoja amesimamisha kafi lake mbele yake kama askari na bunduki. Mgeni alianza kwa nahodha, akateremka mstari mtu kwa mtu, akimpa kila mmoja mkononi na kumwambia asante. Ulipokea kwa mikono miwili, kafi umeliegemeza begani. Hukutazama ulichopewa mpaka mgeni ageuke. Aliyefungua ngumi mapema alichekwa msimu mzima. Haya niliyajua kwa kutazama tu, maana nilikuwa nikiuza chakula pale pale Kivukoni, wali na perege, kwa watu waliosubiri pantoni kwenda Lupiro na Mahenge.

Wakati huo mume wangu alikuwa amekwenda kukata mkonge upande wa Kilosa. Aliniacha nyumbani kwa kaka yake, ambaye ndiye alikuwa nahodha wa mitumbwi ya wageni. Shemeji yangu alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Hakunipigia kelele, hakuninyima chakula. Ila kila nilichouza nilimpelekea yeye, naye alinipa alichoona kinanitosha. Nikitaka khanga, niliomba. Nikitaka sabuni, niliomba. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nafanya kazi tangu alfajiri, na bado naomba sabuni.

Asubuhi moja ya kiangazi walifika wageni wawili, bwana mmoja mpima ardhi na mkewe, watu wazima wenye mvi. Walikuwa wanakaribia kurudi kwao kabisa, wakataka kuuona mto kwa mara ya mwisho. Mitumbwi ilikuwa tayari, makafi tayari, lakini mpishi aliyepangwa alikuwa amelala chini ya kibanda akitetemeka kwa homa, meno yanagongana. Shemeji alizunguka pale ukingoni akitafuta mwanamume anayejua kupika. Hakumpata. Mwishowe akasimama mbele ya jiko langu.

"Zima moto," aliniambia. "Chukua vyombo vyako. Unakwenda na sisi."

"Mimi, shemeji? Na wanaume?"

"Unakwenda na mimi. Nani atakugusa?"

Basi nikaenda. Niliwekwa kwenye mtumbwi wa mizigo, katikati ya masanduku na magunia, pamoja na wapiga makafi wawili mbele na mzee mmoja aliyesimama nyuma na pondo la kusukumia mtumbwi. Mzee huyo alikuwa Mndamba wa zamani, mkubwa kuliko wote, na hata shemeji alimwamkia shikamoo kabla ya kumpa amri. Tulimwita Babu.

Nilipika kama nilivyozoea kupika. Asubuhi nilikaanga vitumbua vya unga wa mchele, na memsahibu, mke wa bwana, alivipenda hata akaja kuchuchumaa karibu na jiko, akiniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hii nini? Hii nani fundisha wewe?" Nikamwambia ni mama yangu, mfinyanzi wa Mofu. Akataka kujaribu mwenyewe. Cha kwanza kikaungua, cha pili kikatoka kama jiwe, akakila hivyo hivyo akicheka peke yake. Wapiga makafi nao walikula wakashiba, wakaanza kuniita dada.

Tulikuwa karibu na Mofu kiboko alipoinuka chini ya mtumbwi wetu. Sikumwona. Nilisikia tu mbao za masanduku zikigongana, kisha mto ukawa juu ya kichwa changu. Nilipoibuka nilishika ukingo wa mtumbwi uliojaa maji, na Babu alikuwa amenishika nguo ya mgongoni huku akipiga kelele kwa Kindamba, "Piga miguu! Piga miguu!" Nikapiga miguu. Mtumbwi wa wageni ulitufuata ukatusukuma hadi kwenye kisiwa cha mchanga, tukalala pale tukitapika maji. Hakuna aliyeumia. Lakini sanduku la vyakula vya makopo, unga, sukari, chumvi na gunia la mchele vilikuwa vinaelekea Kivukoni bila sisi.

Bwana alitazama vilivyobaki, akatikisa kichwa. "Kesho asubuhi rudi," alimwambia shemeji. "Hakuna chakula."

Niliona nyuso za wapiga makafi zikianguka. Safari iliyokatishwa njiani ilikuwa na desturi yake pia. Mgeni alikushukuru kwa mdomo tu, akapanda gari.

Sijui ujasiri niliutoa wapi, labda ni yale maji niliyokunywa. Nikasema, "Shemeji, ng'ambo ile kuna kambi ya wavuvi. Naona moshi. Nivushwe, nirudi na chakula."

"Utanunua kwa kitu gani?"

"Nivushwe tu."

Babu hakungoja ruhusa. Aliingia kwenye mtumbwi, nami nikamfuata. Kambini walikuwepo wanawake watatu wakibanika kambale. Niliwapigia goti, nikawaamkia "kamwene", nikawaeleza yaliyotupata. Mmoja wao alinitazama sana usoni, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomtaja mama kwa kazi yake, alipiga makofi.

"Chungu hiki tunachopikia ni cha mama yako!" alisema. "Utaondokaje hapa mikono mitupu?"

Wakanipa kambale waliobanikwa, mchele kikapu kizima, karanga, na chungu chenyewe. Nilifungua khanga yangu ya juu, iliyokuwa bado inachuruzika maji, nikampa yule mama. Alikataa, nikaiacha juu ya jiwe. Niliwaahidi chumvi nikifika Ifakara, na chumvi ile niliipeleka.

Jioni ile jua likiwa bado juu ya miti tulikula wali wa moto na kambale kwa karanga. Bwana aliongeza sahani. Alipomaliza alifuta mikono, akasema, "Tunaendelea." Wapiga makafi wakaimba hapo hapo, na siku zilizobaki waliimba zaidi kuliko siku zote nilizowahi kuwasikia. Tuliona makundi ya sheshe, tuliona tembo wakivuka, memsahibu akalia kwa furaha. Na kila siku chakula kilikuwa tayari kabla hawajauliza.

Ilikuwa wakati wa kurudi, tumepumzika mchana chini ya kivuli, nilipowasikia. Nilikuwa nasugua sufuria upande wa pili wa kichaka. Memsahibu alikuwa anamuuliza shemeji bakshishi inatolewaje, nani anapewa, nani anaanza, asije akamkosea mtu. Shemeji alimweleza vizuri sana, mstari, makafi, mikono miwili. Kisha memsahibu akauliza, "Na mpishi?"

"Mpishi ni mke wa ndugu yangu," shemeji alisema. "Mwanamke hasimami mstarini. Cha kwake nipe mimi."

Mikono yangu iliendelea kusugua, lakini sufuria ile sikuiona tena. Nilijua jinsi mambo yatakavyokwenda. Angekiweka chake na changu mfuko mmoja, na baada ya wiki ningeomba sabuni. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Halafu ikashuka, ikatulia mahali fulani kifuani, ikawa kitu kingine kilichonyooka. Njia yote ya kurudi nilitazama maji tu. Babu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nafikiri tu.

Tulifika Kivukoni mchana, watu wamejaa wakingoja pantoni, wauza samaki, wanawake wenzangu wa jikoni. Mitumbwi ikavutwa. Wapiga makafi wakajipanga. Bwana akaanza kwa shemeji, akampa mara mbili, mkono wa kulia halafu wa kushoto, nikaona. Akateremka mstari.

Nilichukua upawa wangu mrefu, ule wa kukorogea sufuria kubwa. Nikajifunga khanga vizuri, nikapanda ukingo, nikaenda kusimama mwisho wa mstari. Nikausimamisha upawa mbele yangu kama wao walivyosimamisha makafi.

 Bwana alifika mbele yangu, mkono wake mtupu. Alimgeukia mkewe, mkewe akamgeukia shemeji.

"Rudi kwenye vyombo," shemeji aliniambia kwa sauti ya chini.

"Shemeji, vyombo nimeshaviosha."

"Cha kwako ninacho mimi. Tutaongea nyumbani."

"Najua unacho, shemeji, na nakushukuru kwa kunipokelea. Lakini kazi niliifanya mbele ya hawa. Naomba unipe mbele ya hawa."

Sikupaza sauti.  Shemeji alinitazama, kisha akawatazama wapiga makafi. Kijana mmoja mpiga kafi aliinamisha uso. Ndipo Babu, aliyekuwa amesimama wa pili, akatoka mstarini. Hakuja upande wangu wala hakwenda upande wa shemeji. Alisimama tu pale katikati.

"Nahodha," alisema, "siku ya kiboko, bila yeye, tungegeuza mitumbwi. Leo tungekuwa tumejipanga hapa tunangoja nini?"

 Babu akanyoosha mkono wake uliokuwa na bakshishi yake, bado amefumba ngumi kama desturi inavyotaka, akasema, "Kama yeye si wa mstarini, na mimi nairudisha hii."

Mpiga kafi aliyefuata akanyoosha ngumi yake. Na wa tatu. Na yule kijana aliyeinamisha uso akauinua, akanyoosha ya kwake.

Shemeji alizitazama ngumi zile. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwa ajili yake. Angeweza kunirushia. Angeweza kuondoka. Aliegemeza kafi lake kwa Babu, akateremka mstari mzima kwa hatua zake za kinahodha, akaja mpaka mbele yangu, akanipa kwa mikono miwili.

"Pokea, mpishi," alisema.

Hakusema shemeji. Alisema mpishi.

Niliegemeza upawa begani, nikapiga goti, nikapokea kwa mikono miwili. Nyuma yetu wanawake wa jikoni wakapasua vigelegele hata ng'ombe waliokuwa juu ya pantoni wakashtuka. Makafi yakapiga ardhi, puu, puu, puu. Memsahibu alinikumbatia, masizi ya jiko yakamchafua blauzi nyeupe, naye hakujali. Sikufungua ngumi mpaka gari lao lilipopotea kwenye vumbi.

Nyumbani shemeji hakunisemesha kwa siku nyingi. Nilimpikia, alikula, alinyanyuka. Sikumlaumu, nilijua aibu niliyomtia mbele ya watu. Nilinunua chumvi ya wale wanawake wa kambini, sabuni mche mzima, na sufuria yangu mwenyewe kutoka duka la Mhindi, nikaendelea kuuza chakula. Nilichouza kikabaki kwangu, naye hakukiuliza. Kisha siku moja akaja kusimama mbele ya jiko langu kama ile mara ya kwanza.

"Kuna wageni wanakuja," alisema. "Wameambiwa na wale wa mwanzo. Wanataka mpishi wa vitumbua."

"Na bakshishi?"

"Utasimama mstarini."

"Wapi mstarini, shemeji?"

Alitazama mto. Niliona kicheko kinamjia, anakibana na meno, kikamshinda.

"Baada ya Babu," alisema.

Nilipika kwenye mitumbwi ile misimu mingi. Mume wangu aliporudi kutoka mkongeni, mikono imechanika kwa miiba, kaka yake alimchukua kazi ya kafi. Safari yake ya kwanza ilipoisha tulijipanga Kivukoni kama kawaida: nahodha, Babu, mimi, halafu wapiga makafi wengine. Mume wangu alikuwa mgeni kazini, kwa hiyo alisimama mwisho kabisa. Aliinama mbele kunitazama kule juu ya mstari, macho yamemtoka, kama mtu anayemwona mkewe kwa mara ya kwanza.

Mwaka uliofuata tuliunganisha vyetu tukanunua baiskeli. Yeye alisema ya kubebea mpunga. Mimi niliipanda kwanza. Nilianguka kwenye jaruba la mpunga, nikaanguka tena, nikaoga tope mbele ya majirani wote, na mume wangu akicheka hata akakaa chini. Lakini kabla ya mvua kuanza nilikuwa nimeshaijua. Nilishuka nayo barabara ya Kivukoni, khanga nimeifunga kwa nguvu, kikapu cha vitumbua nyuma, nikapita mbele ya pantoni na watu wote waliokuwa wakisubiri, nikipiga kengele ingawa hapakuwa na mtu njiani.