Swali la Kwanza la Dodoso

Tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja mcheshi wa ofisini, na dodoso letu la maoni kuhusu usafiri tulilipenda kama mtoto mchanga. Swali la kwanza lilikuwa tamu: "Hali ya usafiri wa hapa ikoje?" Tukaenda kulijaribu Nyololo, kando ya barabara kuu.

Tulianza na mama mmoja aliyelowa chapachapa, tope hadi magotini. "Nzuri tu, mwanangu. Za kwenu?" Aliyefuata: "Nzuri, tunamshukuru Mungu." Hata baba mmoja aliyekuwa anasukuma basi lililogoma kuwaka aligeuka, akahema, akasema, "Nzuri!"

Nilitaka kurarua makaratasi, lakini kicheko kilinizidi. Dada alikuwa ameshakaa chini, anafuta machozi. Jamani, tulikuwa tumetunga salamu! Na huku kwetu nani anajibu salamu kwa malalamiko?

Tukalifuta swali lile, tukaandika: "Leo umefikaje hapa?" Tukamrudia yule mama. Akatua mzigo wake, akaukalia, akaanza. Alisimulia mpaka kalamu yangu ikaishiwa wino, na abiria wengine wakamzunguka, kila mmoja anadakia la kwake. Nilitamani kucheza ngoma palepale.

Nikaondoka kurudi kwetu Mbeya. Gari likaharibika kabla ya kufika, nikamalizia kwa miguu kwenye mvua. Nilibisha hodi nikiwa na kiatu kimoja mkononi, kingine kimemezwa na tope. Mama akafungua mlango.

"Za safari, mwanangu?"

"Nzuri tu, mama."