Kambare wa Mama Mkwe

Fortunat hakuwa mvuvi. Alizaliwa Uvira, hilo ni kweli, na ziwa Tanganyika lilikuwa mbele ya mlango wao, lakini samaki aliowajua vizuri ni wale waliokwisha kukaangwa. Kwa hiyo watu wa Barking, Uingereza, walipomwona Jumamosi za mwezi wa tatu akiburuta fimbo za kuvulia, kiti cha kukunja na kopo la nyungunyungu, amevaa majaketi mawili na kofia ya mkewe, walikuwa na haki ya kumcheka. Hata yeye angejicheka, kama midomo isingekuwa imekufa ganzi.

Sababu ya yote ilikuwa mama mkwe. Mama Reine aliletwa kutoka Uvira kabla ya Krismasi kuja kukaa na binti yake Reine, mkewe Fortunat, na alikuja na adabu zake zote. Katika ukoo wao, mama mkwe hali chakula mbele ya mume wa binti yake. Hamtazami usoni, na akiwa na neno la kumwambia, humwambia mtu mwingine, hata kama huyo mwingine ni kabati. Kule Uvira jambo hilo halikumsumbua mtu: mama na nyumba yake, mkwe na nyumba yake, katikati migomba. Barking kulikuwa na fleti ya vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko vikiwa kitu kimoja, na korido ambayo watu wawili hawapishani bila kugusana. Fortunat akawa hatoki chumbani bila kukohoa kwanza, ili mama apate nafasi ya kujificha. Alikohoa sana hata jirani yao Nurjehan, mwanamke mwenye huruma, akaja kugonga mlango na chupa ya dawa ya kifua.

Utani kando, mama alikuwa anakonda. Fortunat akiwa nyumbani, yeye alichukua chai na kipande cha mkate akaenda kujifungia. Daktari alimpima akasema amepungua mno, na kama hali ni hiyo mwisho wa mwezi, atalazwa.

"Mama, kula hapa ku meza," Reine alimsihi.

"Bwana yako iko mu nyumba," mama akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jambo hilo lilimuuma Fortunat zaidi kwa sababu ya kazi yake. Hushinda siku nzima katika nyumba ya kutunzia wazee akiwabembeleza wazee wa watu wale kijiko kimoja zaidi, na hakuna aliyemshinda. Sasa mzee wa nyumbani kwake alikuwa anakufa njaa kwa kosa moja tu la Fortunat, nalo ni kuwepo. Akaamua basi asiwepo.

Lakini mwanamume mwenye akili zake hawezi kushinda kituo cha basi kutwa nzima. Kazini alikuwapo Humphrey, mtu wa Mwanza, aliyeambukizwa na Waingereza ugonjwa wa kukaa kando ya ziwa akisubiri kambare. Fortunat akaomba kuandamana naye. Nyumbani akatangaza kwamba anakwenda kumtafutia mama kambale mubichi. Mama Reine akaliambia kabati kwamba kambale mubichi ni kitu kizuri.

Siku ya kwanza tu, Humphrey alimweleza sheria ya pale. Samaki haliwi. Anavuliwa, anapimwa, anapigwa picha, anarudishwa majini. Fortunat alicheka, akamsubiri Humphrey naye acheke, akasubiri sana. Nyumbani hakulisema jambo hilo. Angeanzia wapi? Mtu aache blanketi lake, akagande ziwani kutwa, ampate samaki, kisha amwachie? Yeye ndiye angepelekwa kwa daktari.

Wala hakukuwa na haraka ya kueleza, kwa maana hakupata kitu. "Maji bado ni ya baridi, kaka," Humphrey alimwambia. "Kambare saa hizi hafukuzi chakula. Kalala shimoni. Inabidi umpelekee mpaka mdomoni, na hapo pia bado anafikiri." Fortunat akaitikia kwa kichwa. Wagonjwa wa namna hiyo anao kazini.

Jioni alirudi mikono mitupu, na Reine akamnong'oneza mlangoni: "Amekula." Fortunat alilala na furaha ya mtu aliyejaza mtumbwi. Shida ni kwamba Jumamosi ni moja. Akaongeza Jumapili baada ya ibada, lakini siku nyingine za wiki mama alirudia chai yake, na mwisho wa mwezi ukawa unakaribia.

Ndipo ikaja Jumamosi yenye jua. Humphrey alimhamishia upande wenye maji mafupi, karibu na matete, mahali palipoota jua tangu asubuhi. Baada ya adhuhuri mshipi ulitikisika kidogo. Fortunat alidhani ni upepo.

"Huo si upepo," Humphrey alisema. "Vuta."

Akavuta. Kilichokuja kilikuwa kizito na kivivu, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, kisha kikaamka kweli, na Fortunat akaingia majini mpaka magotini. Walipomtoa, alikuwa kambare mrefu kuliko meza ya sebuleni, na masharubu yake. Humphrey akamtandikia godoro lililoloweshwa, akamwagia maji, akampaka dawa pale ndoana ilipomtoboa. Fortunat akapitisha mikono chini yake, kama alivyofundishwa kuwainua wagonjwa, akamkumbatia kifuani. Furaha ikampumbaza. "Mpigie Reine," akasema. "Video."

Reine alikuwa anafua. Simu yake ilikuwa mezani, karibu na sahani ya Mama Reine, naye akabonyeza palipowaka. Mkwe na mama mkwe wakatazamana uso kwa uso kwa mara ya kwanza. Fortunat hakuweza kukimbia, amejaa samaki mikononi. Mama angepaswa kugeuka, lakini kulikuwa na samaki.

"Kamata ku kichwa," alisema. "Itakuponyoka."

"Ndiyo, Mama."

"Leta muzima. Reine! Weka maji ya bugali."

Simu ikakatika. Humphrey hakuthubutu kumtazama. Fortunat alipiga magoti kwenye maji baridi, akafungua mikono, na kambare akaondoka taratibu. Aliona uchungu, na aibu kubwa kuliko uchungu.

Alipofika nyumbani alitaka kupita moja kwa moja chumbani. "Wewe," mama akaita. "Kuja hapa. Samaki iko wapi?"

Bugali ilikuwa mezani, na sombe ya majani ya muhogo, na nafasi kubwa iliyoachwa katikati.

"Nimeiachilia, Mama. Bazungu banakataza kuikula. Tuliilalisha ku godoro, tukaitia dawa ku mudomo, ikarudi mu maji."

Hasira ikamshika Mama Reine kisawasawa. "Dawa?" akasema. "Samaki munaitia dawa? Kisha inarudi kwake?" Huku akisema, mkono wake ulimega tonge, ukalichovya kwenye sombe, ukalipeleka kinywani. "Na godoro?" akauliza, akitafuna. "Godoro ya nani?"

Reine alisimama na mwiko mkononi, haupandi haushuki. Fortunat aliona kwamba mama anakula mbele yake, akashusha macho sakafuni upesi. Alielewa kwamba akinyamaza tu, mama atakumbuka. Akaanza kueleza polepole: godoro, rangi yake, maji yalivyomwagwa, dawa ilivyopakwa. Mama akatukana, akamega, akauliza, akamega tena. Sahani ilipokaribia kwisha, Reine alisogeza sufuria, na Fortunat akavua samaki wa pili, huyu wa maneno matupu.